Mkono wa Tatu

Mume wangu alipofariki aliniachia nyumba, viti na chombo cha kukazia waya. Nyumba inavuja, viti vimelegea, lakini chombo kile hakijawahi kuniangusha. Na jambo lililonigombanisha na mke wa fundi lilikuwa hilo tu: chombo kilale kwangu au kilale kwake.

Nikieleze kidogo, maana si kila mtu amewahi kukiona. Ni chuma cha urefu wa mkono, kinaingia kwenye mfuko wa begani. Huku kina taya ya kuuma waya, kule taya nyingine, katikati mnyororo mfupi na gurudumu lenye meno, na juu yake mpini wa mbao. Mjenga uzio akishafunga waya kwenye nguzo ya kona, anauumisha kwenye taya, anasukuma mpini huku na huku, tak, tak, tak, na waya uliokuwa umelegea kama kamba ya kuanikia nguo unanyooka mpaka ukiupiga kwa kidole unalia. Mtu mmoja anafanya kazi ya kundi zima. Ndiyo maana marehemu alikiita Mkono wa Tatu. Mpini aliuchonga mwenyewe kwa mti mgumu, na kwa miaka yote aliyoushika, dole gumba lake lilichimba kishimo pale juu, laini kama ndani ya kijiko.

Alikuwa na sharti: chombo kisilale kwenye waya. Jioni waya hupoa, na ukipoa hujivuta. Chombo ukikiacha kimeuma, kitachoka kama mtu aliyesimamishwa na mzigo kichwani mpaka asubuhi. Kwa hiyo kila jioni kilirudi nyumbani, na kukitunza ilikuwa kazi yangu. Tone la mafuta kwenye gurudumu, basi. Taya nilizisugua kwa jivu na kitambaa kikavu, kisha nikakifunika juu ya meza.

Baada ya mazishi, fundi aliyekuwa akifanya kazi na marehemu aliniomba aendelee kukitumia. Marehemu alikuwa akimwita kaka, na mimi ananiita shemeji. Nikakubali, kwa sharti lile lile. Asubuhi anakuja kukichukua, jioni anakirudisha, anakaa kwenye ngazi ya mlango wangu anakunywa maji huku mimi nikikagua taya. Mlango wazi, Mungu ni shahidi, na barabara nzima inatuona.

Na aliyetuona kuliko wote ni mke wake. Ni fundi cherehani, na baraza lake linatazamana na mlango wangu. Mumewe akifika kwangu, cherehani inanyamaza. Akitoka inaanza tena, na kwa mbio zake ungedhani inamfukuza mtu.

"Shemeji," fundi alikuwa akinitania, "huu Mkono wa Tatu unauogesha kuliko mtoto mchanga."

"Mtoto mchanga humpaki matope kama unavyoupaka huu."

Hapo alicheka, na ana kicheko kikubwa, kinavuka barabara bila kuangalia kushoto wala kulia.

Siku moja mke wake akaja kuniletea gauni nililompa alipunguze. Akabisha hodi vizuri. "Hodi, dada."

"Karibu, mdogo wangu. Kaa."

Hakukaa. Macho yake yalizunguka chumba kama mtu anayetafuta sindano: viti, pazia, mlango wa chumba cha kulala, kisha yakatua mezani.

"Kumbe mpaka unakifunika."

"Vumbi halina adabu."

"Hm. Mume wangu akilala bila shuka hakuna anayeuliza."

"Basi mfunike."

"Nitamfunikaje, dada, na jioni yake yote inaishia hapa mlangoni?" Akalikunja gauni langu upya, ingawa lilikuwa limeshakunjwa. "Mimi nauliza tu. Anayekitumia yuko kwangu. Asubuhi anatokea kwangu. Kwa nini chombo kisilale kwangu, miguu ya mtu ikapumzika?"

"Kina utaratibu wake."

"Utaratibu! Kina kitanda? Kinaota ndoto? Chuma ni chuma. Cherehani yangu ni chuma, haijawahi kunililia usiku."

"Hiki si chuma tu."

"Ndicho ninachosema mimi," akajibu, akinitazama usoni. "Si chuma tu."

Maneno yale yalinipata, lakini si pale alipolenga. Mume wake sikumtaka. Nilimwonea wivu mkewe kwa kuwa na mtu wa kumvizia. Yeye cherehani yake ikinyamaza, mtu anatoka mlangoni na kuvuka barabara kurudi kwake. Ninayemngojea mimi hatoki mlango wowote. Tena kulikuwa na jambo jingine ambalo sikuwa nimemwambia mtu: kila asubuhi fundi aliposhika mpini kuupima, mimi niliangalia dole gumba lake limeangukia wapi. Lilianguka ndani ya kishimo, kama limepimiwa. Nikajisikia kama mwenye nyumba anayemwona mpangaji amekalia kiti cha mwenye nyumba.

"Kitalala hapa," nikasema.

"Sawa, mama."

Alikuwa ananiita dada. Hiyo "mama" aliitupa kama mtu anayetupa ganda la ndizi mlangoni kwa jirani, akaondoka.

Haikupita wiki, jioni moja nikachelewa kwenye maombi ya mgonjwa. Niliporudi, hapakuwa na mfuko mlangoni wala fundi kwenye ngazi. Ng'ambo, mke wake alikuwa anafagia vipande vya vitambaa barazani, akaimba salamu ambayo hakuwa amenipa tangu siku ile.

"Usihangaike, mama! Mlango wako ulikuwa umefungwa. Mgeni wako amepata pa kulala."

"Kimefutwa?"

"Kimefutwa kuliko siku zote."

Nikaingia ndani. Meza ilionekana kubwa, kitambaa cha kufunikia kimelala bapa. Nilipiga magoti kusali, na katikati ya sala nikajikuta ninasikiliza ng'ambo ya barabara, mtu mzima mimi, kama kuna kicheko.

Asubuhi fundi alipita haraka, mfuko begani, akaniinulia mkono. Sikukigusa chombo. Jua lilipoanza kuchoma, nikasikia miguu inakimbia. Mke wake alisimama mlangoni kwangu bila viatu, utepe wa kupimia unaning'inia shingoni.

"Umekifanya nini chombo chako? Kimempiga mume wangu! Wamenipigia simu kutoka malishoni!"

"Kimempiga wapi?"

"Mkononi. Waya umechomoka. Umekifanya nini?"

"Kimelala kwako, mdogo wangu. Hakikulala kwangu."

Nikachukua kitambaa changu kikavu, tukatoka. Njia ya malishoni ni nyembamba, na hakuna kati yetu aliyetaka kuwa nyuma. Tulikwenda tukigongana mabega mpaka tukafika, kama mbuzi wanaogombea mlango wa zizi.

Fundi alikuwa amekaa chini ya nguzo ya kona, mkono wa kulia umefungwa kwa shati lake. Mwenye ng'ombe alikuwa anazunguka na simu sikioni.

"Lori la ng'ombe liko njiani," alitwambia, "na upande wa barabara uko wazi. Nitawazuia kwa nini, kwa kuwaomba?"

Mke akapiga magoti kwa mumewe. "Umeumia?"

"Umenichana tu. Uso umenusurika." Kisha akanitazama mimi. "Shemeji, sielewi. Waya ulikuwa karibu kutosha, nikasikia taya zinauachia. Zimezeeka?"

Nilikiokota chombo kwenye nyasi. Kilikuwa kimeng'aa. Kimefungwa shingoni kitambaa kipya cha maua, kimepindwa pembeni kwa uzi mzuri. Mtu alikuwa amekipamba kama bibi harusi. Nikapitisha kidole kwenye meno ya taya, kidole kikateleza. Nikanusa. Mafuta mepesi, yale ya cherehani.

Nikamtazama mke wa fundi. Yeye alikuwa anatazama kidole changu. Nikajua, naye akajua kwamba nimejua. Neno moja tu, nalo la kweli, na chombo kingelala kwangu mpaka siku ya kiyama, na yeye angeaibika mbele ya mumewe na mbele ya mwenye ng'ombe. Sitasema uongo: neno lile lilikuwa tamu ulimini. Lakini kusema kwamba taya zimezeeka sikuweza pia, maana hazijazeeka.

"Taya ni nzima," nikasema. "Zimeingia mafuta."

Nikaishia hapo. Fundi akawa anageuza macho kwangu na kwa mkewe.

"Ni mimi," mke akasema. "Nilitaka kiwe kisafi kuliko anavyokisafisha yeye. Cherehani ukiitia mafuta kila mahali inakwenda. Ningejuaje kwamba hiki kina mahali pa kuteleza na mahali pa kuuma?"

"Ungeniuliza," fundi akasema.

"Nikuulize saa ngapi?" Akasimama, utepe ukamtoka shingoni. "Jioni unakaa pale kwenye ngazi unacheka. Mimi nakuhesabia vicheko kutoka ng'ambo! Ukifika kwangu kicheko kimekwisha, umebaki na njaa tu. Hata njaa yenyewe huisemi, unafunua sufuria!"

Mwenye ng'ombe alikohoa, akakumbuka kwamba kuna nguzo upande wa pili hakuitazama. Fundi aliinama akawa anachezea jani. Mimi nilijua kwamba alilosema ni kweli, kwa sababu vicheko vile nilikuwa navipata mimi, na nilikuwa navipenda. Nyumba iliyokaa kimya muda mrefu hupenda kelele yoyote.

Karibu na pale kulikuwa na jivu la moto waliochomea ncha za nguzo ili mchwa wasizile. Nikachota, nikamwita.

"Njoo. Meno ya taya unayasugua hivi, kwa jivu, mpaka kidole kikwame. Gurudumu ndilo linalopewa mafuta. Meno hayapewi kitu."

Akasugua. Ana vidole vyepesi, lazima niseme, na alitoa mafuta mpaka kwenye nyufa ambazo mimi husahau. Nikajaribu kwa kidole. Kikakwama.

"Nani atasukuma?" fundi akauliza. "Mimi huu mkono leo haufai."

Nilitaka kusema nitasukuma mimi. Bega langu likanikumbusha umri wangu. "Yeye," nikasema.

Nikaumisha waya, mke wa fundi akashika mpini. Tak, tak, tak. Alisukuma kwa mwili mzima, meno yameuma mdomo. Waya ukainuka kutoka kwenye nyasi, ukanyooka nguzo baada ya nguzo. Fundi alikuwa anakuja na mkono wa kushoto kuupima, lakini kabla hajafika mke akasimama.

"Hapo. Ukiongeza, uzi utakatika."

"Huu si uzi," mumewe akasema.

"Uzi, waya, vyote hulalamika kabla ya kukatika. Sikiliza."

Fundi akaupiga kwa kidole. Ukalia, sauti moja, safi, ikaenda mpaka kona ya mbali. Akacheka. Kicheko kile kile kikubwa, lakini safari hii hakikuwa na barabara ya kuvuka, kilikuwa pale pale sikioni mwa mkewe. Mungu anisamehe, kwa kitambo kidogo nilitamani waya ule ukatike.

Mke hakucheka. Alikuwa anatazama mpini.

"Hiki kishimo ni cha nini?"

"Cha dole gumba."

"La nani?"

"La mwenyewe," nikasema.

Akanyanyua dole lake kama aliyegusa pasi ya moto. Akatazama mkono wa mumewe, mkubwa, kisha akanitazama mimi.

"Na huyu huweka lake humu kila siku?"

"Kila siku."

"Na wewe unaona?"

"Ninaona."

"Ningekuwa mimi," akasema polepole, "ningemkata."

Tukamaliza waya uliobaki yeye akisukuma, dole lake amelikunja pembeni mbali na kile kishimo, ingawa kusukuma hivyo ni shida. Lori lilipofika, ng'ombe walishuka, wakaenda kuunusa uzio, wakarudi kwenye nyasi.

Jioni cherehani ilikimbia kwa muda, ikanyamaza. Nikatazama nje. Aliyekuwa anavuka barabara ni mke wa fundi, mfuko begani.

"Hodi, dada."

"Karibu, mdogo wangu."

Safari hii alikaa, pale pale kwenye ngazi. Akatoa chombo. Kile kitambaa cha maua hakikuwepo tena. Kwenye mpini alikuwa ameshona mfuko mdogo wa kitambaa kigumu, kama soksi, wenye kamba ya kukaza chini.

"Kazini atakuwa ameuvisha hii," akasema. "Dole lake lichimbe kitambaa. Kikitoboka nitashona kingine. Chombo nitakuwa nakileta mimi, na kuivua utaivua wewe, nyumbani."

Nikamletea maji. Mwenye wivu humjua mwenzake hata bila kuambiwa.

Ng'ambo, fundi alikuwa amekaa kwenye kiti cha cherehani, mkono umefungwa bendeji, shingo ndefu.

"Mnaongea nini huko?" akaita.

"Hayakuhusu!" mkewe akajibu, kisha akashusha sauti. "Mwache naye aonje. Dada, hebu nichekeshe kidogo, kwa nguvu."

Alipoondoka nikakaa mezani, nikazisugua taya kwa jivu, nikalegeza kamba, nikaivua ile soksi. Kishimo kilikuwa pale, laini, mahali pake. Nikaweka dole langu ndani, nikaliacha mpaka mwanga ulipopungua dirishani, ndipo nikakifunika.