Mafundi Walifika

Kama kuna mtu kijijini Kiuyu aliyejua kungoja, basi ni Bi Mwanawema. Alimngoja Silima miaka minne arudi kutoka Mombasa waoane. Akangoja mwana miaka saba mpaka akazaliwa Nusaiba. Na sasa, kizuka wa watu, mjane wa Silima, amekaa ndani na eda yake, akiwangoja mafundi wa sola. Wanaume wawili tu, na ngazi yao, wa kufunga vibao vitatu juu ya bati. Kungoja huku kulimchosha kuliko kote, maana kule kwa Silima kulikuwa na barua, na kule kwa mwana kulikuwa na dua, lakini huku kulikuwa na visingizio vitupu.

Sola ilikuwa shauri la Silima. Msimu wa karafuu ulipokwisha aliketi na mkewe, akamwambia kuwa miguu yake haitaki tena kupanda mikarafuu na kwamba watafute riziki ya kukaa chini. Nguzo za umeme zilikuwa zimeishia mbali na kwao. Basi wakachagua sola kubwa, ile inayokuja na friza. Bi Mwanawema angegandisha barafu: za ukwaju kwa watoto wa skuli, na mapande makubwa kwa wavuvi, ambao siku zote hununua barafu Konde na nusu yake ikaishia kuwa maji njiani. Silima akatoa fedha zote za karafuu, hakubakisha ya kununulia hata kanzu.

Aliyewauzia ni binti wa Wete aitwaye Rahila, mwanamke asiyependa kukaa kitako. Alipanda ngazi mwenyewe na baibui lake, akalipima bati kwa futi, akashuka na vumbi mikononi.

"Kazi hii huchelewa kwa mambo matatu," aliwaambia. "Paa bovu, barua ya ruhusa ya sheha, na simu isiyopokelewa. Paa lenu zima. Barua naifuata leo hii kabla sijaondoka. Simu ndo kazi yenu nyie. Siku kumi na nne, mafundi wako hapano."

Siku ya kumi na moja Silima aliamka akilalamika kifua. Adhuhuri hakuwako.

Nusaiba alikuja kutoka Unguja kwa mumewe, akalia na mama yake mpaka hitima, akarudi. Bi Mwanawema akabaki na eda ya miezi minne na siku kumi, na mambo yote ya nje akamwachia Haidar, nduguye wa tumbo moja, muuza nguo wa Konde. Angemwachia nani mwingine? Mama yao alikufa Haidar hajaota meno. Bi Mwanawema ndiye aliyemtafunia ndizi, akambeba mgongoni kwenda kondeni, akamfundisha alifu na be, na alipokua akamtafutia mke, Asya, msichana wa heshima. Watu walizoea kumwita Haidar mtoto wa Mwanawema, na yeye hakuwa akiwasahihisha.

"Nipe simu ya marehemu, dada," alisema Haidar siku ya tatu ya msiba. "Mafundi wakipiga utasema nao vipi wanaume wa kando, nawe umo edani?"

Akampa. Lilikuwa neno la busara, na lilitoka kwa ndugu.

Basi zikaanza hadithi. Wiki ya kwanza paneli zilikuwa zimekwama bandarini. Wiki ya pili zimetoka, lakini waya haukutosha. Halafu fundi mkubwa akaumwa homa. Halafu mvua. Halafu fundi amepona lakini amekwenda kuoza binti yake. Bi Mwanawema alikuwa akimsikiliza nduguye, akimwekea muhogo wa nazi mbele yake, na kila mara akimwombea Mungu kwa taabu anayoipata kwa ajili yake. Ngojangoja huumiza matumbo, wahenga wamesema, lakini yeye tumbo lake alilinyamazisha kwa kumshukuru Haidar.

Asubuhi moja alisikia gari imesimama nje, na kitu cha chuma kikigongwa ukutani. Haidar, aliyekuwa amelala kwa dada yake siku hiyo, akatoka mbio, akarudi akanong'ona pazia mkononi, "Watu wa mbali, wamekuja kuhani msiba. Marafiki wa shemeji." Bi Mwanawema akainuka, akakoleza moto, akapika kahawa ya tangawizi, akaitoa pamoja na kashata zote zilizokuwamo ndani. Mgeni wa msiba haondoki mkavu. Alisikia wanaume wakicheka kidogo barazani, akafurahi kuwa Silima alikuwa na marafiki wa namna ile.

Kiasi cha siku kumi baadaye Haidar akaja na karatasi.

"Ofisi wanasema jina la mkataba ni la mtu aliyekufa. Ndo kinachochelewesha. Tia saini hapano, dada, tuwakatie visababu."

Bi Mwanawema alikuwa anajua kusoma. Hili lazima lisemwe, maana baadaye watu walimtetea kwa kusema hakusoma skuli, na huo ni uongo. Alisoma mpaka darasa la kumi, na magazeti ya kufungia karanga huwa anayasoma kabla hajayatupa. Lakini karatasi ililetwa na Haidar. Kuishika, kuikunjua na kuisoma mstari kwa mstari mbele ya macho yake, ingekuwa kama kumwambia mtoto aliyemlea, "Sikuamini." Aliona haya. Akatia saini, tena akaitia haraka, asije akadhaniwa anasitasita.

Mwezi wa tatu wa eda, Jumanne asubuhi, ikapigwa hodi ya kike. Alikuwa Rahila. Aliingia, akamshika mikono kizuka, wakasoma Fatiha, wakafuta machozi. Kisha Rahila akatikisa kichwa.

"Unisamehe, Bi Mwanawema, kwa kuchelewa kukuhani. N'likwenda Kengeja juzi, nikaambiwa hukai kule. Mwenye nyumba akan'shangaa."

"Kengeja? Mie Kengeja nna nni?"

"Si ndo ilikofungwa sola yako?"

Bi Mwanawema akacheka. Kweli, alicheka, akadhani yuko Mwanawema mwingine na ofisi imechanganya. Rahila hakucheka. Alitoa simu yake, akatafuta picha walizopiga mafundi, akampa. Ilikuwa nyumba ya matofali isiyopigwa plasta, na juu ya bati lake vibao vitatu vinang'aa. Picha ya pili ilikuwa ya friza, nailoni yake ya kiwandani haijatolewa. Ya tatu ilikuwa ya watu: Haidar, na ubavuni pake mwanamke kijana mwenye mimba kubwa, ameshika mlango wa friza kama anayeionyesha kwa jirani.

"Huyu nani?"

"Nadhira. Si mke wa nduguyo?"

Mke wa nduguye alikuwa Asya. Asya, aliyemletea mandazi kila Ijumaa, na ambaye bila shaka Kengeja alikuwa akiisikia kwa jina tu.

Rahila akafungua picha ya nne, karatasi. Mimi Mwanawema, mjane wa marehemu Silima, naomba vifaa vyangu vifungwe Kengeja, ninakohamia kuishi na ndugu yangu. Chini yake ilikuwa saini yake mwenyewe, ile ya haraka.

"Mafundi walikuja hapano mara mbili," Rahila akasema polepole, maana sasa alikwisha kuelewa naye. "Mara ya mwanzo wakakuta msiba, wakarudi. Ya pili wameandika kuwa wamepokelewa vizuri na ndugu wa mteja, wamenyweshwa kahawa, lakini kizuka hataki mtu apande juu ya kichwa chake mpaka eda ishe. Mie nikastaajabu. Nimeshafungia vizuka watatu. Kizuka huingia chumba cha ndani, mafundi wakafunga, kwa muda wa saa nne tu wameshaondoka. Lakini n'kasema, pengine kwenu ndo mila."

Kilichomuuma Bi Mwanawema kwanza, kabla ya sola, kabla ya friza, ilikuwa ile kahawa. Aliipika kwa mikono yake, akawapelekea waliokuja kumwashia taa, ili wainywe na waondoke. Alihisi ameaibishwa mbele ya watu wasioonekana. Hasira ikafuata, na nyuma ya hasira kitu kizito zaidi, kwa sababu hasira ina mtu wa kumwangukia, na mtu wenyewe alikuwa Haidar.

Rahila akamweleza lililowezekana. Ofisi ingeweza kuizima sola kwa mtandao siku hiyohiyo bila kufika Kengeja, kisha mafundi wakaing'oa na kuileta ilikotakiwa. Lakini lazima mteja aandike kuwa alidanganywa, na amtaje aliyemdanganya. Akamwekea fomu juu ya mkeka.

"Niachie," alisema Bi Mwanawema. "Uje Alhamisi. Nataka anambie kwa mdomo wake."

Usiku na mchana alimtafutia nduguye njia ya kutokea. Kijana ameoa kwa siri, mkewe ana mimba, amebanwa. Akijisema tu, akisema nimekosa, basi fomu ile atawashia moto jikoni. Ndiyo, alikuwa tayari hata kwa hilo. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na yeye alikuwa amejizoeza kulia.

Haidar alifika Jumatano alasiri na mkungu wa ndizi begani. Akaupumzisha ukutani, akajirusha juu ya mkeka kama kawaida yake.

"Mafundi wamefika wapi?" Bi Mwanawema akamuuliza.

"Ah, dada, wale watu! Sasa wanasema betri."

"Betri ina nni?"

"Imekuja mbovu. Inarudishwa bara."

"Haidar." Alimsogelea, akamtazama usoni. "Mafundi hawajapata kufika hapano hata siku moja?"

Hapo alikuwa amemfungulia mlango wote. Haidar akainua kidole juu.

"Wallahi, dada, hawajafika."

Bi Mwanawema akasimama. Alikwenda kwenye kamba, akavuta mtandio, akajifunika kichwa, akaushusha mpaka uso wote ukafichika. Akaingia chumba cha ndani, akavuta pazia nyuma yake.

"Dada? Vyo? Kuna nni?"

"Toka uende barazani," ilisema sauti nyuma ya pazia. "Mwanamme wa kando hakai na kizuka ndani."

"Mie nduguyo!"

"Rahila kaja jana. Nimeiona friza. Nimemuona na Nadhira."

Haidar akaanza kulia, akasema maneno mengi: kwamba Nadhira ana mimba na kwao ni wakali, kwamba aliahidi nyumba yenye taa, kwamba alikusudia kurudisha kila kitu kabla eda haijesha, mtu asijue.

"Ungeniomba," alisema Bi Mwanawema. "Ungeniomba ningekupa, Haidar. Ndo hilo n'naloumia. Sasa toka."

Alimsikia akiinuka. Alimsikia akisimama kwa muda mrefu mlangoni, labda akitumaini kuitwa, maana tangu utotoni alizoea kuitwa arudi. Mara hii hakuitwa, na malapa yake yakaburuta uwanjani mpaka yasisikike.

Bi Mwanawema akatoka, akaichukua fomu, akaketi karibu na dirisha na kuisoma yote, mbele na nyuma, pamoja na maandishi madogo. Alijaza jina lake, jina la marehemu na shehia. Palipoandikwa aliyekuletea karatasi, akaandika Haidar Mabruki. Mstari uliofuata uliuliza: uhusiano wake na mteja.

Angeweza kuuacha wazi. Rahila asingemlaumu, na ofisi ingeizima sola vilevile. Akaandika: ndugu wa tumbo moja.

Kisha akalia. Silima alipokufa nyumba ilijaa watu wa kulia naye, mpaka wengine wakakaa ukumbini kwa kukosa nafasi. Msiba huu aliulia peke yake.