Kicheko cha Winifrida

Siku Winifrida alipocheka shambani, wifi yake Pelagia alipiga vigelegele hadi majirani wakaacha majembe. Jamani, kwa nini asipige! Tangu operesheni ya vijiji iwatoe kilimani na kuwashusha barabarani, Winifrida hakuwa amecheka. Kule juu, nyuma ya migomba, aliacha kaburi la mwanawe Dadi. Mumewe alikuwa mbali, Tanga, kwenye mkonge. Mwanamke akawa hali, halali, haogi, anatazama ukuta tu. Watu wakasema amerogwa. Pelagia akawafokea, akamshika mwenzake mkono, wakaenda kwa daktari mjini Kasulu.

"Huu ni ugonjwa, mama, si uvivu wala uchawi," daktari alisema. "Kidonge kimoja kila siku, na kitachukua wiki kadhaa kufanya kazi. Kopo la vidonge atunze wifi. Ale, atembee, asiachwe peke yake. Na msikatize dawa bila kuniona."

Basi kila asubuhi Pelagia alipeleka uji na kidonge, akasimama pale mpaka kimezwe. Kisha wakaenda kupalilia maharage, yeye akisengenya kijiji kizima ili mwenzake asizame kwenye mawazo. Mwezi wa pili wa dawa, katibu wa kijiji akateleza kwenye tope, yeye na daftari lake, na Winifrida akacheka.

"Umepona, wifi!" Pelagia akalichukua kopo, akalificha darini. Mtu anayecheka dawa ya nini tena? Kha! Na daktari alisema nini? Furaha ilikuwa imemziba masikio.

Wiki ya tatu tangu siku hiyo, alikuta nyumba ya Winifrida iko wazi na kitanda kitupu. Akauacha uji mlangoni, akapanda kilima mbio, akijilaani njia nzima na kumwomba Mungu amkute hai.

Alimkuta amekaa kando ya kaburi, mikono imejaa udongo.

"Nilikuja nife hapa, wifi," Winifrida akasema polepole. "Nikakuta majani yamemfunika mwanangu. Nikasema ning'oe kwanza."

Pelagia akapiga magoti, akalia kwa sauti. "Mimi ndiye niliyekuficha dawa. Mimi!"

Wakang'oa wote wawili mpaka udongo ukaonekana, kisha wakashuka moja kwa moja hadi Kasulu. Daktari aliwasikiliza mpaka mwisho. "Kucheka ni mwanzo tu," akasema, akaandika dawa upya na kuwapangia siku ya kurudi.

Dadi hakurudi, na huzuni haikuisha. Kila Jumamosi walipanda pamoja kupalilia kaburi, na zilikuwepo Jumamosi ambazo Winifrida hakutamka neno toka nyumbani mpaka nyumbani. Pelagia, msemaji yule, akajifunza kunyamaza naye.

Asubuhi moja, uji haujaiva, Winifrida akaja mwenyewe kubisha hodi kwa Pelagia. Alikuwa ameoga. Akanyoosha kiganja.

"Wifi," akasema, "jana nilicheka. Tafadhali usinifiche dawa."