Mlinzi wa Ghala la Baruti

Chadrack alikuwa ameshafua shati la kazi ambayo bado hajaipata. Kampuni moja iliyopasua mwamba karibu na Salamabila ilitafuta mlinzi wa ghala la baruti, na kwenye baruti hawachukui mtu hivi hivi, kwanza huchunguzwa. Ndipo Madame Consolée, mchunguzi wa kampuni, akaja kutoka Kasongo kwa pikipiki, matope mpaka magotini, akaketi barazani kwa Chadrack huko Kabambare na kumuuliza maswali.

"Ulishavutaka bangi? Ao kumeza vidonge vya kutia nguvu?"

"Hapana, Madame. Hata siku moja."

Alijibu bila kupepesa macho. Shemeji yake Magloire ndiye aliyemfunza hivyo, na Magloire hajawahi kupata kazi yoyote, lakini kwa mashauri hana mpinzani. Chadrack hakuona aibu wala woga. Tangu shimo la dhahabu lilipomfunika mdogo wake Pacifique, furaha na msiba vilimpitia kando. Alijua jambo moja tu: mihogo yake imeozea ardhini, na akikosa kazi hii atarudi shimoni, mahali ambapo hawezi kushuka bila kujilevya kwanza. Mkewe Naomie alilijua hilo pia.

Mvua ikakata barabara. Madame akalala palepale mjini, na Jumapili, kwa kuwa ni mtu wa sala, akaingia kanisa la karibu. Ndilo kanisa la Chadrack.

Sasa kanisa lile lina desturi yake. Aliyeokoka husimama kila mwaka kueleza Mungu alimtoa wapi, na watu, kwa kuwa wameshaukariri ushuhuda wake, humwitikia. Naomie alikuwa ameomba zamu ya mumewe iletwe siku ile, ili mgeni ajionee Chadrack ni mtu wa namna gani. Jibu la barazani hakuwa amelisikia.

Chadrack aliitwa, akasimama. Akamwona Madame kwenye benchi la akina mama. Wazo la kukaa chini lilimjia, likapita.

"Nilikuwa mutu wa shimo," alisema, akanyamaza.

Mama mkwe wake, Mama Apolline, alidhani machozi yamemziba. Akamsaidia, yeye akiwa kitini pake:

"Na mu shimo ulikuwa unavuta nini, mukwe wangu?"

"Bangi!" likaitikia kanisa zima, wadogo kwa wakubwa, kwa furaha tele.

"Na vidonge?" Mama Apolline akaendelea.

"Kama karanga!" likaitikia tena.

Madame hakucheka. Baada ya sala alimngoja nje.

"Mara ya mwisho ilikuwa wakati gani?"

"Siku tulimuzika mudogo wangu. Tangu pale, hata moja."

"Iko zamani. Ile haingekuzuia. Kule Lusangi kuko mumoja alinielezea yake yote, nikamupitisha. Lakini kasha ya baruti ikipotea, nikikuuliza, utaniambia nini?"

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. Mficha uchi hazai, wazee walishasema. Magloire ndiye hakuambiwa. Chadrack alimshukuru Madame, akamtakia safari njema.

Nyumbani Naomie alikuwa ameandaa bugali na mboga ya sombe. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mbele ya kanisa muzima unasemaka bila haya," alisema. "Yeye mumoja ulimuficha kwa nini?"

"Kanisa haina kazi ya kunipa."

"Na ni mimi niliomba zamu yako."

"Haukujua."

Naomie alimpakulia.

"Na kesho?"

"Kesho nitashuka mu shimo."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeomba maji, akavuta sahani, akaanza kula. Naomie ndiye aliyeogopa kwa niaba ya wote wawili.