Kinywani mwa Kinyozi

Kwenye dirisha la kliniki ya methadoni, dawa ya wanaoacha unga wa kulevya, utaratibu ni mmoja: unakunywa dawa, unashushia maji, kisha unasema chochote ili muuguzi ajue umemeza. Mshonaji alikunywa, akasema jua limewaka mapema leo. Nyuma yake alikuwa mumewe, kinyozi. Naye alikunywa, akafungua mdomo ili asalimie, muuguzi akasogea kumtazama vizuri.

"Shemeji, umeota jino."

Lilikuwapo kweli, jeupe, juu mbele, kwenye ufizi uliokuwa mtupu tangu enzi za unga. Muuguzi akamwambia asisahau kulipiga mswaki, akaita mwingine. Njia nzima mshonaji hakuacha kulitazama jino lile, na roho ilimuuma.

Kila alichoelekezwa kuhusu kinywa alikuwa amekifanya. Dawa yenyewe ni tamu na inakausha mate, kwa hiyo alisukutua kila akitoka dirishani. Alipiga mswaki taratibu hata fizi zilipotoka damu, akaacha chai ya sukari aliyoipenda kuliko watu wengi aliowafahamu. Malipo yake yalikuwa magego machache yanayocheza. Kinyozi mswaki wake ulikauka kama ufagio wa uani, na meno yakazidi kuota. Kufikia mwisho wa mwezi safu ya juu ilikuwa imejaa.

Wateja wakarudi kwenye kiti chake cha kunyolea. Dada yake akaja kumpongeza.

"Kaka amekuwa mtu tena," alisema.

"Na mimi je, wifi? Tuliacha unga siku ileile."

"Usinune, wifi yangu. Yeye mwanamume, alipotelea mitaani kidogo tu. Wewe ulikuwa mama wa mtu."

Mama wa mtu alitaka kitu kimoja: kucheka kwenye picha ya harusi ya binti yao. Katika picha zote za miaka ya karibuni alikuwa amefumba mdomo kama anayemung'unya pipi.

Jioni moja kinyozi alikuwa akitafuna karanga na kuchekea redio, ndipo mshonaji alipoona. Miaka mingi ya kukata uzi kwa meno, mkasi ukiwa palepale mezani, ilikuwa imemchongea kijia chembamba kwenye jino la mbele, kabla unga haujalichukua. Sasa kijia kilikuwa kinywani mwa kinyozi, mtu ambaye hata kifungo hakuwahi kushona.

"Hayo meno yangu," mshonaji alisema.

Kinyozi akayapitishia ulimi. "Naona. Lakini yamenikaa vizuri."

"Nirudishie."

"Nirudishe wapi, mke wangu? Si yamo humuhumu ndani ya nyumba?"

Akaendelea na karanga.

Asubuhi mshonaji alimburuta hadi kwa daktari wa meno, yuleyule aliyewahi kumnyima meno ya bandia akidai watu wa unga huyauza. Daktari akamulika kinywa kimoja, akamulika cha pili, akakubali bila ubishi.

"Ni yako kabisa, mama."

"Basi mng'oe."

"Siking'oi kinywa kizima kisichouma. Halafu mume akipata, si na wewe umepata?"

"Mimi sili kwa mdomo wake."

Daktari alicheka, akamshauri aendelee kusukutua kwa maji ya chumvi.

Harusi ikafika. Gauni alilishona mshonaji mwenyewe, lakini binti alimshika baba mkono, akamweka katikati, na mama akapangwa pembeni karibu na mashangazi. Angekuwa na cha kung'atia, angemng'ata mumewe mbele ya wageni. Badala yake aliamua kucheka hivyohivyo, kwa fizi zake, akaachama mbele ya kamera.

Mpiga picha akashusha kamera. "Mama wa pembeni, funga mdomo kidogo. Baba, cheka."

Mshonaji hakufunga.

"Mama, tafadhali," binti alisema, bila kugeuka.

Mshonaji akafunga mdomo. Kinyozi akacheka, na picha ikapigwa. Ilipopitishwa kwa wakwe waione, mama mkwe wa binti aliishika muda mrefu, akamwambia mshonaji kwa upole kwamba sasa ameelewa: bibi harusi amerithi tabasamu la baba yake.