Baiskeli ya Mkamwana

Kule Masoko, mkamwana hakutani na baba mkwe wake njiani. Akimwona anakuja anaacha njia, anaingia migombani na kumpa mgongo mpaka mzee apite. Jina lake halitamki, uso wake hautazami. Vijana wa mjini walikuwa wameanza kuyacheka mambo hayo, lakini Mzee Ambilikile hakuwa kijana wala hakuwa wa mjini, na Tusekile alikuwa ameolewa na mwanawe.

Shida ilikuwa kuwahi kazini. Tusekile alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, na shule ilikuwa ng'ambo ya bonde, uteremke kisha upande. Njia ni moja, upande huu genge la mawe, upande ule migomba. Asubuhi ileile anapokwenda yeye, mzee anarudi kutoka kuangalia kahawa yake. Akiwahi yeye, mzee naye kawahi. Na mzee mwenyewe si mtu wa kupita tu yakaisha. Kila anayekutana naye lazima amuulize habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua, na mkamwana huko migombani amesimama tu, umande unamlowesha sketi, anasikiliza habari za ng'ombe wa watu.

Mwalimu mkuu, Cosmas, alikuwa mtu wa Bukoba na hayo hayakumwingia akilini.

"Mwalimu, unajificha migombani kama mwizi wa ndizi! Unampisha nani?"

"Baba mkwe."

"Si umsalimie upite?"

Tusekile alikung'uta umande kwenye sketi. Angeanzia wapi?

"Sikiliza, mama. Siku hizi biashara ni ruksa, baiskeli zimejaa madukani, nenda pale mjini ukajionee. Nunua, panda, wahi. Ukiendelea kuchelewa nitaomba uhamishwe, uende shule yenye nyumba za walimu, hata kama ni kule mpakani."

Mpakani maana yake ni kuwaacha watoto, mume na nyumba. Mumewe, Asajile, alinunua baiskeli wiki ileile. Kengele haikuwa nayo. Mwenye duka alisema zimekwisha. Jumapili baada ya ibada alimfundisha mkewe kuendesha kwenye uwanja wa mpira, na waliopita wakacheka mpaka wakachoka wenyewe.

Jumatatu Tusekile aliteremka vizuri hadi katikati ya mteremko. Kwenye kona akatokea mzee. Ukiwa kwa miguu unaiacha njia. Ukiwa kwenye baiskeli njia ndiyo inayokuacha wewe. Tusekile alikata usukani akaingia migombani, baiskeli ikaenda huku na yeye kule. Akatulia mtaroni, goti linavuja damu, uso ameufunika kwa kanga. Heshima ilikuwa imekamilika.

Mzee Ambilikile alisimama. Kumwinua hawezi, kumsemesha hawezi, hata kumtazama hawezi. Aligeuka akaelekeza uso gengeni, akaanza kupaza sauti hewani.

"Ee Kyala, Mungu wangu! Kuna mtu kaanguka huku! Jamani, hakuna watu?"

Hakukuwa na watu. Mzee mwenye salamu za kijiji kizima, siku hiyo hakupata wa kumsalimia hata mmoja. Akaita tena, sauti inakatika. Tusekile alitaka sana kumwambia kuwa ni mzima, naye hakuweza. Alijiinua, akaisimamisha baiskeli. Mzee aliposikia mnyororo unalia, ndipo akaenda zake.

Shuleni walikwisha ingia madarasani. Mwalimu Cosmas alilitazama lile goti.

"Ya leo nimekusamehe," alisema. "Ya kesho, nakwenda wilayani."

Jioni mama mkwe alikuja na kengele ya baiskeli, kubwa, yenye kutu pembeni. Ilitoka kwenye baiskeli ambayo mzee alikuwa akiendea kazini ujanani, kwenye mashamba ya chai.

"Amesema uifunge," mama mkwe alisema. "Amesema upige tangu kule juu, usiache."

"Halafu?"

"Hakusema halafu."

Asubuhi Tusekile alipiga kengele tangu kule juu. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Kumpigia baba mkwe kengele, kama mtu anayefukuza mbuzi! Alipofika kwenye kona alishika breki, tayari kuanguka tena. Hakumwona mzee. Aliyekuwa njiani ni jirani yao Nsajigwa, amesimama kando, mdomo wazi, anatazama migombani.

Tusekile naye akatazama. Ndani ya migomba kulikuwa na koti jeusi kuukuu, limelowa umande mabegani. Mzee Ambilikile alikuwa amempa mgongo mkamwana wake, kofia mkononi, akingoja apite.

"Mzee!" Nsajigwa alicheka. "Wewe mtu mzima, unampisha nani humo?"

"Nampisha mwalimu," mzee alijibu bila kugeuka. "Usimsimamishe, atachelewa."

Mlima wote uliofuata Tusekile aliikokota baiskeli huku analia. Wanafunzi walipoitwa mstarini, yeye alikwisha fika.