Chupa Isiyo ya Chai

Mafuta ya kukamulia kwetu yana kazi mbili. Asubuhi nayapaka kwenye chuchu za Ntune, ng'ombe wetu, na siku za mashindano nayapaka kwenye bodi ya kompyuta ya kaka yangu Murithi. Vidole vinafanya kazi ile ile. Kwenye bodi unajaza kila kijishimo, huachi upenyo, kwa sababu baridi kali huleta umande, na umande ukigusa umeme kila kitu kinaungua.

Murithi anatengeneza simu na kompyuta hapa Kiirua. Aliona kwenye mtandao watu wanaoshindana kuiendesha kompyuta kwa kasi zaidi kuliko alivyoipangia aliyeitengeneza. Ikikimbia hivyo inapata moto hadi inajizima, basi wao huipoza kwa naitrojeni, hewa iliyopozwa mpaka ikawa maji, baridi kuliko barafu yoyote. Wenzetu hao wana vifaa vya bei ya shamba. Sisi tulianza na mbuzi. Mmoja alikwenda kwa kipande cha shaba, na fundi wa Meru mjini akakichonga kikawa kikombe kizito cha kukaa juu ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Wa pili alikwenda Siakago, ambako saiba moja, duka la intaneti, ilikuwa inafungwa na kuuza mashine zake kuukuu. Magunia ya viazi yakalipia bodi na kipimajoto.

Mama alipouliza faida iko wapi, Murithi alimwambia, "Mami, huu ni mchezo, kama mpira."

"Mpira hauli mbuzi," Mama akasema.

Naitrojeni yenyewe haikutusumbua. Huku kwetu ni kwa maziwa, na daktari Ndambiri, mtu wa Embu anayepandisha ng'ombe kwa mrija, huhifadhi mbegu za madume ndani ya naitrojeni. Gari la kumjazia mtungi linapokuja, na sisi tunalipia lita zetu chache.

Mimi niliacha shule darasa la sita, na mbele za watu maneno hunikwama. Lakini Murithi akikaa kwenye kibodi, mimi ndiye ninayemimina. Nikizidisha, prosesa inaganda na kuzima. Nikipunguza, inapata moto. Nasikiliza mlio ndani ya kile kikombe, kama mafuta yanayokaanga, na mkono unajua. Hapo sina haya. Ndiyo maana moyo uliniuma mwezi jana Murithi aliponiambia, "Kinya, safari hii tukikosa kutuma namba ya kasi yetu kwenye mashindano, nauza kila kitu. Kuna jamaa wa Nanyuki anangoja. Mbuzi wameisha."

Mwisho wa kutuma ulikuwa Ijumaa, saa kumi na mbili jioni. Gari lilikuja asubuhi hiyo hiyo. Nilipokwenda kwa Ndambiri kuchukua lita zetu, nilimwambia pia, nikiangalia viatu vyake, kwamba Ntune alikuwa analilia dume tangu alfajiri.

"Nitakuja jioni," akasema. "Atakuwa wa mwisho leo."

Tunaibeba kwa chupa kubwa ya chai, ya chuma, ile Mama anayopeleka harusini. Kifuniko hatukazi kamwe. Maji yale yanachemka wakati wote, na mvuke wake lazima upate njia. Nikaiweka mezani ikiwa wazi, nikafungua mlango na madirisha, kisha nikaenda kunawa mafuta mikononi. Murithi alikuwa barabarani ananunua tokeni za stima, umeme usije ukakatika.

Mama akapita. Akaona chupa yake iko wazi, inafuka. Nyumbani kwetu chai haiachwi ipoe. Akachukua kifuniko, akakikaza kwa nguvu zake zote, akaondoka akiwasema watoto wa siku hizi.

Nilisikia mlio kama wa tairi kupasuka. Nilipofika, kifuniko kilikuwa kimekwama kwenye dari, chupa imelala chini, na naitrojeni inakimbia sakafuni kama maziwa yaliyofurika, inapotea kabla ya kufika ukutani. Mama alisimama nje ya mlango, mikono kichwani.

"Yesu! Hiyo chai mmepikia nini?"

Murithi akaja, akaona. Hakumfokea. Alikaa juu ya ndoo, akatazama dari. "Basi. Kesho nampigia wa Nanyuki."

"Mngeniambia si chai," Mama akasema. "Inafuka, iko ndani ya chupa ya chai. Mimi ningejuaje?"

"Ni kweli, Mami. Kosa letu."

"Mwambie Ndambiri akuongezee."

"Mtungi mkubwa akishaufunga hagusi. Mbegu za watu ziko mle."

Saa kumi Ndambiri alifika kwa pikipiki, mtungi wake mdogo umefungwa nyuma. Nilimshikia Ntune kamba. Alitoa mrija ndani ya mvuke mweupe, akauweka kwenye maji ya vuguvugu, akafanya kazi yake. Huo ulikuwa mrija wa mwisho. Halafu akaingiza kijiti cha kupimia mtungini, na kilipotoka kilikuwa cheupe hadi nusu, pale naitrojeni ilipofikia. Nilikiangalia kile cheupe. Mtungi mkubwa ulijazwa asubuhi hadi shingoni. Hii iliyobaki angeirudisha wapi?

Nilikuwa nalo swali, mdomo ndio uliokataa. Akafunga mkoba. Akapanda pikipiki. Akawasha.

"Daktari!"

Nilipiga kelele hadi Ntune akavuta kamba. Ndambiri akazima. "Kinya? Leo umepata sauti wapi?"

"Hiyo iliyobaki. Kule kumejaa. Tupatie sisi."

Akanitazama, na safari hii sikuangalia viatu vyake. "Nyinyi na hiyo kompyuta yenu. Kwani mnataka izae?"

"Tunataka ikimbie."

"Basi na mimi niione. Nimewauzia mwaka mzima, hata chai sijaitiwa."

"Chai iko, daktari!" Mama akaita kutoka jikoni. "Ya kweli!"

Ndambiri alimimina yote kwenye jagi la chuma. Nikavaa glavu, nikaanza. Shaba ikalia, ikatulia, ikaota barafu nyeupe. Prosesa ile ilitengenezwa iende gigahazi nne. Murithi akaipandisha tano, sita, sita na nusu, akisoma kwa sauti ndogo kama mtu anayesali. Kwenye saba kioo kilisita. Niliongeza tone moja, lingine tena, nikingoja mlio. Namba ikakaa.

"Shika hapo, Kinya! Shika hapo!"

Akaihifadhi. Kanuni inataka picha ya mashine ikiwa na jina la timu kwenye karatasi, naye akapiga. Mkono wangu na jagi viliingia kwenye picha, nikamwomba apige nyingine.

"Uache," akasema. "Hii ni timu. Jamaa wa Nanyuki atafute chuma chake."

Akaituma kabla ya saa kumi na mbili, tukawa wa kumi na moja. Ndambiri aliuliza zawadi ya wa kumi na moja ni nini, tukacheka, akaongezewa chai. Tangu siku hiyo gari likija anatuwekea lita yetu bila kukumbushwa, na Ntune hajalilia dume tena, ana mimba. Mama amefunga uzi mwekundu kwenye mkono wa ile chupa. Wageni wakija anawaambia, "Hiyo msiguse, ni ya Kinya," na mimi huwaeleza kwa nini.