Sungura Wawili wa Kikapuni

Miaka kumi na miwili nimelinda nyoka ambaye hakuwa na habari nami. Kisiwa kizima tulikuwa mimi, yeye na wenzake, na redio mbovu. Hakuwa na sumu wala hakuuma mtu. Akishajifukia kwenye udongo, basi, utamwona wiki ijayo akipenda. Kazi yangu ilikuwa kufukuza majangili, na hakuja hata mmoja. Nani aje kuiba mnyoo mkubwa?

Kilichonitesa ni samaki wa kopo. Mwaka wa tatu, nilipoenda nyumbani likizo, nikamwambia mke wangu nimechoka. Akanipa sungura wawili kikapuni, jike na dume. "Kafuge huko, uache kunililia."

Jamani, sungura! Nilikula wawili, wakabaki kumi. Nikala kumi, wakabaki mia. Nikachoka kula, wao kuzaa hawakuchoka. Wakamaliza nyasi, wakaguguna mizizi, mvua ikaja ikazoa udongo wote hadi baharini. Pakabaki jiwe tupu. Sasa nyoka wa kuchimba achimbe nini?

Nyoka wa mwisho nilimwokota mwenyewe juu ya mwamba, amekaukia juani. Nililia, na sioni aibu kusema.

Siku hizi yeye yuko makumbusho ndani ya chupa, na mimi namfuta vumbi. Mwezi ujao nastaafu. Wameniandalia cheti cha utumishi uliotukuka, na mke wangu ameshashona nguo ya sherehe.

Jana mtaalamu, binti mwenye miwani, akaniletea kibao cha kuweka mbele ya chupa. "Mzee, wewe ndiye unayemjua huyu. Angalia kama kuna kosa."

Nikasoma: *Ametoweka kwa sababu ya sungura walioletwa na mabaharia wa zamani.*

Mabaharia! Nilitaka kumkumbatia yule binti. Wamekufa wote, nani atawatetea? Ningefunga mdomo tu, nikanywe chai yangu. Lakini nikamtazama mwenzangu ndani ya chupa, pua imebanwa kwenye kioo, roho ikanisuta vibaya sana.

"Binti yangu, kosa lipo. Hakuna cha mabaharia. Ni mimi, na kikapu cha mke wangu."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mzee, cheti chako kimeshachapwa."

"Na hiki kibao?"

"Hiki bado." Akatoa kalamu. "Niandike jina lako?"

"Jina la nini, nani ananijua? Andika: walioletwa na mlinzi wake."